Jembe Langu na Waya wa Televisheni

Waitu ndugu zangu, mmeniletea kiti kwa ajili ya magoti yangu. Asanteni, lakini hili nitalisema nimesimama.

Shule niliishia la pili, ila kibanja changu, shamba langu la migomba hapa Ijumbi, mnakijua. Kwa kulima hakuna anayenishinda. Ndiyo maana kampuni ilipotaka kupitisha waya wa intaneti, ule unaoleta na televisheni, mafundi walianzia kwangu. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiwabembeleza wenye migomba wakubali mtaro. Mzee mmoja tu alikataa, kwa sababu ya kaburi la baba yake. Waya ukapita mpakani mwake, tukamcheka.

Niliyahangaikia hayo kwa ajili ya rafiki yangu mmoja. Miguu yake ilikuwa imekufa, na mwanawe alikuwa karibu kupewa upadre nchi ya mbali. Simu bondeni kwetu hazishiki. Kila nikimtembelea ananiuliza, "Hivi nitamwona akilala kifudifudi mbele ya altare?" Namjibu atamwona hadi nyayo.

Ndugu zangu, nawaambia, udongo wa mtaro unatamanisha. Umeshachimbuliwa, laini kama unga. Tulikatazwa kulima pale. Mimi nikatazwe kulima kibanjani kwangu? Asubuhi ya siku ile ile ya upadre nikaenda kupanda chipukizi la mgomba. Jembe likagonga kitu kama mzizi. Nikapiga tena. Kutazama, waya mweusi umekatika. Nikafukia, nikapanda mgomba wangu juu yake, nikaenda kunawa.

Mchana tulijaa sebuleni kwake. Amevaa gauni la Pasaka, rozari mkononi. Kwenye kioo kaduara kanazunguka tu. Fundi akasema waya umekatwa mahali, ila ibada imehifadhiwa, mama ataiona ukishaungwa. Mtu akasema aliyekata ni yule mzee mkaidi. Wote wakaitikia. Na mimi nikaitikia.

Mafundi wakatoka Bukoba, wakachimbua mpaka wote wa mzee, hawakuona kitu. Watu wakaacha kupokea mkononi mwake kahawa ya kutafuna, ile tunayomkaribishia mgeni. Mimi nilijua pa kuchimba, nikanyamaza. Rafiki yangu akafariki bila kuona.

Msibani mzee akaja na mkungu wa ndizi kichwani. Vijana wakamwambia arudi nao kwake. Akageuka kuondoka. Ndipo nikasimama.

"Mwacheni," nikasema. "Aliyekata waya ni mimi."

Mzee akatua mkungu. "Twende unionyeshe," akasema.

Alifukua kwa mikono, kwa sababu jembe lingekata tena. Fundi akaunga. Jioni hiyo tulimwona kijana wetu amelala kifudifudi mbele ya altare, na mama yake yuko kwenye jeneza, hatua tatu kutoka kwenye kioo. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Nikajifungia ndani. Jumuiya sikuja, kikundi sikuja, nikaacha hata kupalilia. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa mzee yule, nyuma yake ninyi wanawake wenzangu. Mlinipikia, mkanipalilia, mkanisubiri. Nawashukuru, na mwana wa marehemu pia, aliyekuja kuzika akanisamehe pale kaburini kwa mama yake.

Ukiharibu kitu, sema siku hiyo hiyo, hasa ukiwa mwenye kiburi kama mimi. Mimi ningeona aibu nusu saa. Rafiki yangu alikaa mbele ya kaduara kale siku kumi na moja.