Katongo Aaron, Talonneur wa Akiba

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Ni Simone anayeongea. Kama una sufuria motoni, punguza moto. Kama uko ndani ya gari na watu wanabishana, waambie wanyamaze kidogo, maneno ya leo si ya kusikiliza nusu nusu.

Leo tunamkumbuka Katongo Aaron. Tulimzika Jumamosi iliyopita, hapa Lubumbashi. Katongo Aaron, mchezaji wa timu ya taifa ya rugby, ile ya akiba, Équipe B, iliyochukua ubingwa wa Afrika wa timu za akiba hapa hapa mjini kwetu.

Najua wengi wenu mmeshasema: "Aa, ni yule mwenye medali. Yule ambaye hakukanyaga kilio cha baba yake, hakuketi matanga." Ndiyo, ni yule. Hilo neno lilimfuata miaka yote, sokoni, kanisani, hata kwenye harusi za watu. Leo nitalijibu. Dada yake, Régine, amenipa ruhusa, na nimechoka kulisikia.

Katongo alizaliwa mtaa wa Katuba, hapa mjini. Familia yao ni watu wa kaskazini, Wakatoliki wa tangu zamani. Babu alikuja na reli. Baba, Papa Kalaba, alifanya kazi ya reli mpaka mgongo ukamkatalia. Katongo alikuwa mtoto wa kwanza, na Papa Kalaba alimtafutia nafasi kwenye reli. Alizunguka, alibembeleza wakubwa, akaipata. Katongo akaikataa. Alitaka rugby. Aka! Rugby, katika muji huu ambao kila mtoto anazaliwa na mpira wa miguu kichwani!

Papa Kalaba alisimama mezani, mbele ya familia nzima, akasema: "Basi siku nikikufa, usikanyage kilio yangu."

Wasikilizaji wapendwa, wengine mtasema ni hasira tu. Katika familia ile si hasira tu. Neno la namna hiyo mzazi akilisema, linabaki. Hakuna padri wa kulitoa, hakuna mjomba wa kulitoa. Analitoa yeye mwenyewe aliyelisema. Anachukua maji kinywani, anamtemea mtoto kidogo kifuani, anasema neno limekwisha. Lazima baba awepo na mtoto awepo, basi.

Miaka ilipita. Baba na mtoto walisalimiana, walikula sahani moja siku ya Noeli. Lakini maji hayakutemwa. Kila mmoja alingoja mwenziwe aanze. Wanaume!

Sasa nieleze kidogo kazi yake uwanjani. Kwenye rugby kuna mêlée. Watu wanane wa huku na wanane wa huku wanafungana mikono na mabega, wanainama, wanasukumana kichwa kwa kichwa. Yule wa katikati mbele kabisa anaitwa talonneur. Mikono yake yote miwili imeshika wenzake, hawezi hata kujikuna pua. Ni mahali pa hatari kwa shingo, kwa hiyo sheria inasema: asiyefundishwa asiwekwe pale. Talonneur akiumia, na timu haina mwingine aliyefundishwa, refa anakataza kusukumana, na timu hiyo inapunguziwa mtu mmoja.

Talonneur wa timu yetu alikuwa Chomba, rafiki mkubwa wa Katongo tangu utoto. Wa akiba alikuwa Katongo. Akiba ndani ya timu ya akiba! Walimcheka sana kwa hilo, na yeye alicheka nao. Lakini oneni pale alipokuwa. Bila yeye kwenye benchi, timu iko hatarini. Akiwa kwenye benchi, anakaa. Haingii, na kuondoka haondoki. Mashindano yale yote Katongo hakuingia hata mara moja. Chomba alikuwa na mwili wa jiwe, haumii.

Ikafika siku ya fainali. Uwanja ulijaa. Redio yetu ilitangaza mechi, wenzangu walipiga kelele mpaka sauti zikawakauka.

Papa Kalaba alikuwa mgonjwa nyumbani. Mchana ule hali ikabadilika. Régine alipanda pikipiki ya taxi-moto, akafika uwanjani mechi imeshaanza, akamwita kaka yake kwenye uzio nyuma ya benchi. Akamwambia: "Yaya, kaka yangu, baba iko nakuita. Ameomba maji mu kikombe. Anataka kutoa lile neno. Kuya, njoo sasa, haina tena siku ingine." Kisha akarudi mbio kwa mgonjwa.

Katongo akamwendea kocha. Kocha si mtu mbaya, nimeongea naye. Alimwambia: "Mutoto yangu, ukienda na Chomba akaumia, tunakwisha. Ngojea kiloko, kidogo tu. Tukipata essai moja ingine, hatuna tena woga, nakuachilia."

Akangoja. Alikaa kwenye benchi anatazama mchezo na anatazama mlango wa uwanja. Nani kati yetu angeweza kukaa vile?

Essai ikapatikana, mpira ukawekwa chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Uwanja mzima ukaruka. Kocha akageuka, akamwambia: "Enda!" Katongo akainama, akashika kamba za viatu vyake. Viatu vile vya rugby vina meno chini, huwezi kukimbia navyo kwenye lami. Aliinama anafungua kamba, na machozi yanamtoka.

Chomba, kule katikati ya uwanja, akamwona. Akamwona rafiki yake ameinama, anashika viatu, analia. Kwa mbali, mtu anayefungua kamba na mtu anayefunga ni yule yule. Chomba akafikiri: maskini ndugu yangu, amefunga viatu, anatamani kuingia, na fainali inakwisha bila yeye. Akaamua kumpa zawadi.

Mara mpira ulipoanza tena, Chomba alianguka. Alishika goti. Daktari akaja, Chomba akakataa kusimama. Goti lilikuwa zima kabisa! Wakambeba nje, na alipopita mbele ya benchi akamkonyeza Katongo jicho, akasema: "Ingia, ndugu. Leo ni siku yako."

Ee Mungu wangu.

Aliyetoka kwa kuumia harudi. Hapakuwa na talonneur mwingine. Kocha alimtazama Katongo; bila yeye timu ingepunguziwa mtu. Wenzake kumi na wanne walikuwa wanamngoja. Katongo akafunga viatu, akaingia.

Mngemlaumu? Mimi siwezi. Na kama angeenda kwa baba yake, nisingemlaumu pia. Alifungana mikono na wenzake, akainama, akasukuma. Waliokuwa karibu naye wanasema alisukuma kama mtu anayetafuta mlango.

Nyumbani, redio ilikuwa karibu na kitanda. Régine ameniambia hivi: "Baba alisikia jina yake. Alisheka kiloko, alifurahi. Kisha akaniuliza: 'Mwenye kuingia pale, anaweza kutoka?' Nikamwambia hapana, baba, mpaka mechi iishe. Akasema: 'Basi hatakuya.' Akageukia ku ukuta. Kikombe ya maji ilibaki mu mukono yangu."

Timu ilishinda. Mabingwa wa Afrika! Mji ulilipuka kwa furaha. Katongo alikimbia na jezi yake mpaka Katuba, na medali shingoni, kwa sababu walimvika akitoka uwanjani na hakuwa na muda wa kuivua. Alikuta wanawake wameshaanza kumlilia baba. Akasimama ng'ambo ya barabara. Neno halikutolewa. Hakuvuka. Siku zote za kilio alikaa pale ng'ambo, watu wanapita, wanasema: "Tazama, medali imemupandisha kichwa."

Chomba alikuja kutoa pole. Akauliza: "Ulijua saa ngapi kama baba iko anakufa?" Katongo akamjibu: "Kisha mechi, ilipokwisha." Akamwomba Régine asiseme kamwe. Alimwambia: "Chomba alinipatia kintu ya muzuri yenye alikuwa nayo. Nikimwambia, nitamuua."

Baada ya hapo Katongo aliacha rugby, akafanya biashara ya samaki wa Kasenga, akamwoa Bijou, wakazaa. Na Chomba, kila sherehe, alisimulia jinsi alivyojiangusha ili rafiki yake acheze fainali. Watu walikufa kwa kicheko. Na Katongo alikaa pale mbele yake, akapiga makofi. Miaka yote alipiga makofi.

Juma lililopita moyo wake ulisimama. Siku moja kabla ya mazishi Chomba alisimama kwenye kilio, macho mekundu, akaanza tena hadithi ile ile. Watu wakaanza kucheka kidogo katikati ya machozi. Régine akainuka. Akasema: "Chomba, ikala chini. Inatosha." Akamweleza yote, mbele ya watu. Mtu mzima yule alikaa chini kwenye vumbi.

Nilimpigia Chomba simu kabla ya kipindi hiki. Hakutaka kuja. Alisema hivi tu: "Mama Simone, nilianguka juu ya kumupenda. Sikuwa na kintu ingine ya kumupatia."

Régine aliomba kaka yake azikwe karibu na baba. Wazee wa familia wakakataa. Walisema neno halikutolewa, na mwenye kulitoa hayupo. Kwa hiyo Katongo Aaron analala upande mwingine wa makaburi, peke yake.

Kwako Régine, pole sana. Bijou na watoto, poleni, Mungu awashike mkono. Na wewe Chomba, najua unasikiliza. Pole. Wewe pia ni mfiwa, na hukuua mtu.

Nanyi wazazi, ninyi ambao mlimwambia mtoto neno siku ya hasira, nawaomba jambo moja. Msimwite. Msingoje aje, hamjui ni nini kimemshika huko aliko. Papa Kalaba alikuwa mzima miaka mingi, na mwanawe aliishi mtaa ule ule. Toka hapo ulipokaa, uende kwake leo.