Mzee Naftali na Mzinga wa Kapteni

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi, Mzee Naftali Ombongi anastaafu kazi ya ulinzi kwa bosi wetu, tunayemwita Baba. Miaka kumi na mmoja alikaa langoni kwa Baba mtaa wa Al-Naseem, Riyadh. Iliyobaki ameitumia hapa Al-Rawdah, Jeddah, katika jumba ambamo Baba ameweka vitu vyake vya kale, nami napika chai na kusikiliza.

Kusikiliza nini? Maisha ya Kapteni Obadiah Trask, ofisa wa mizinga wa Marekani wa karne ya kumi na tisa, mwenye ndevu za kufagia sakafu. Baba alinunua mnadani picha yake pamoja na mzinga mmoja wa shaba. Mzee Naftali, ambaye ujanani alikuwa katika kikosi cha mizinga cha jeshi la Kenya, alimpenda siku ya kwanza. Kila mgeni alipewa historia nzima: jinsi Kapteni alivyozaliwa kwa fundi viatu, akapigana Mexico akiwa na homa, akavusha mizinga mtoni huku nyumbu wamegoma. Mwaka hadi mwaka habari ziliongezeka. Mwaka jana Kapteni alikuwa karibu kumwoa binti wa jenerali.

Ramadhani ya kwanza ya Mzee hapa Jeddah, Baba alipata kibali cha kuupiga mzinga huo mara moja, kwa baruti tupu, jioni aliyoalika jamaa kufuturu uani. Wa kuupiga alikuwa nani kama si Mzee? Alivaa koti la suti, akausugua mzinga mpaka akajiona meno. Tatizo lilikuwa simu yake. Ilimwonyesha saa za sala ili ajue lini awafungulie lango wanaokwenda msikitini, na hakuna aliyekumbuka kwamba bado ilifuata saa za Riyadh, ambako jua huzama karibu nusu saa kabla ya huku. Mtu angetazama mbingu, lakini siku hiyo vumbi lilikuwa limefunika mji.

Mzinga ulilia. Njiwa wa mtaa mzima waliruka. Wageni walisema bismillahi wakatia tende mdomoni, wa kwanza akiwa Baba mwenyewe. Kisha tukasubiri adhana. Tukasubiri. Mjomba wa Baba alikuwa kwenye sambusa ya pili, ndipo dereva wetu Elly alipoingia kuuliza ni kitu gani kimelipuka mchana.

Mimi sikucheka. Ikama ya Mzee, yaani kibali chake cha kuishi nchini, ilikuwa mkononi mwa Baba, na binti yake Mitchelle ndio kwanza alikuwa ameanza chuo cha uuguzi. Meza nzima ingelazimika kuilipa saumu ya siku ile. Mjomba alisema halas, basi imetosha, huyu akatiwe tiketi arudi kwao. Baba akamwita Mzee mbele ya watu, akamwuliza ana la kusema. Mzee alisimama wima kama yuko kwenye gwaride.

“Baba, hata Kapteni Trask aliwahi kupiga mapema, jenerali wake akamwaga chai yote. Na bado umemtundika ukutani.”

Baba alimtazama Mzee, akaitazama picha, kisha akacheka mpaka akashika meza. Alimwambia mjomba kwamba kosa ni la simu, na siku hiyo wangeilipa wote pamoja. Mzee akabaki na lango lake, na Mitchelle leo ni muuguzi.

Juzi nilimwomba Baba anisomee kibandiko cha Kiarabu kilicho chini ya picha. Kinasema Kapteni Trask alisimamia stoo ya baruti maisha yake yote, wala hakupigana vita hata mara moja. Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kumsahihisha Mzee. Alijibu kwamba Kapteni alikuwa mtu wa kuchosha sana kabla Mzee hajampata.

Mzee wetu, asante kwa ulinzi wako, kwa utani wako, na kwa vita vyote ulivyotupigania bila mtu kuumia. Unatuachia pengo kubwa, na mimi naandika haya machozi yakinilenga. Nenda Nyamira ukapumzike na mama watoto, kwa afya na furaha tele. Na huko, jua lizame lisizame, kula ukisikia njaa.

Zipporah, kwa niaba ya wafanyakazi wote