Kaka Yetu Muhuri na Kiapo Chake cha Posta

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1946, mtoto wa kwanza wa fundi viatu. Mimi mdogo wake ndiye niliyebaki, na shule sikukaa sana, hivyo mtanivumilia.

Yeye alisoma hadi darasa la nane. Alipenda hesabu, mimi nilipenda kengele ya kurudi nyumbani.

Tarehe 2 Januari 1967 aliajiriwa posta, kupanga barua. Aliapishwa mbele ya mkuu wake, mkono juu: hatafungua barua ya mtu, hataichelewesha, wala hatatoa siri yake. Wenzake waliapa wakaenda zao kunywa chai. Yeye kiapo kilimwingia mifupani. Hata mimi, nduguye wa tumbo moja, nikimwuliza kama nina barua, hunijibu nimsubiri tarishi. Ndipo tukamwita Muhuri, na mwenyewe akacheka.

Alimwoa shemeji yetu, mshona nguo, tarehe 14 Juni 1972. Mwaka wa tano wa ndoa, jioni moja posta ikifungwa, iliingia telegramu aliyoandikiwa shemeji: mama yake yu mahututi, aje upesi. Tarishi alikwisha ondoka. Kaka akaitia kwenye sanduku la asubuhi, akarudi nyumbani, wakala pamoja, akanyamaza. Tarishi alipobisha hodi kesho yake, basi la alfajiri lilikuwa limekwenda, na siku ile hapakuwa na jingine. Shemeji alifika mama kashazikwa.

Aliporudi alimwambia mumewe, "Telegramu ilikuwa na jina langu, baba watoto. Siri hiyo ulikuwa unamfichia nani?"

Kaka alijibu kwamba aliapa. Jambo hilo halikutajwa tena nyumbani mle, ingawa chakula kiliiva na watoto walilelewa vizuri.

Alistaafu mwaka 2001. Figo zilianza kumsumbua mwaka juzi. Jumanne iliyopita, hospitali, alimshika mkewe mkono akamwomba radhi kwa ajili ya mama yake. Shemeji alimwona hana nguvu.

"Lala kwanza," akamwambia. "Tutaongea kesho."

Kulipokucha, tarehe 11 Agosti 2021, kaka hakuamka.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na mimi. Mjane hawezi kusimama leo, ameniagiza nimsemee hapa kaburini: "Baba watoto, nilikusamehe zamani. Nilikuwa nangoja uniombe."

Nimelifikisha neno lake, kaka. Pumzika.