Ephraim Wanyoike na Ukuta wa Mkono wa Kushoto

Wachungaji, wazee, mafundi wenzake, na majirani wa Lucky Summer mliobanana chini ya hema hili, familia inawaomba mtulie kidogo, maana maisha ya Ephraim Wanyoike Kimani si marefu kusoma, na hatukuyapaka rangi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 katika mtaa wa Bahati hapa Nairobi, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Kimani wa Wachira, fundi cherehani, na marehemu Wanjiku, aliyeuza mboga pale pale mtaani, na ndugu mdogo wa Mzee Wachira, mwenyekiti wa kamati ya mazishi haya. Alisoma shule ya msingi Bahati hadi mwaka 1976, akaingia sekondari na kuiacha akiwa kidato cha pili mwaka 1978, si kwa kukosa karo kama inavyosomwa katika kila mazishi, bali kwa sababu hakuipenda shule, na shule nayo haikumbembeleza.

Mwaka 1981, nyumba za Umoja zikiendelea kujengwa, alichukuliwa na fundi mmoja wa Bungoma aitwaye Makokha, ambaye kwa muda mrefu hakumruhusu kugusa mwiko, kazi yake ikawa kufagia vumbi kwenye matofali na kuyamwagia maji, kwa maana Makokha alisema tofali kavu ni mlevi, litakunywa maji yote ya plasta na kukuachia mchanga. Alipopewa mwiko mwaka 1984 hakuuweka chini tena, akapiga plasta Umoja, Donholm, na zile ghorofa za Kware zilizobanana hata jua huzisikia kwa majirani tu, na kila alipomaliza ukuta alifunga pazia, akalaza tochi ubavuni mwa ukuta huo ili mwanga utambae juu ya plasta, maana chini ya mwanga kama huo kila kibonge hutoa kivuli, na palipo na kivuli alikwangua, akarudia, hata mwenye nyumba akiwa mlangoni na wapangaji wake na magodoro yao.

Marehemu alifunga ndoa na Mukami tarehe 15 Desemba 1990, wakajaliwa watoto wawili, Kui, ambaye mnamwona hapa, na Kimani, aliye Doha na anatufuatilia kwa simu, kama mtandao umekubali. Mwaka 2011 walihamia nyumba hii iliyo nyuma yenu, ambayo kuta zake za ndani alizijenga kwa matofali ya kuchoma, akazipiga plasta zote isipokuwa mmoja, ule wa sebuleni unaotazama mlango, kwa kuwa alitaka kuufanya polepole, na kila Krismasi ulikuwa ukuta wa Krismasi ijayo. Majirani walisema mganga hajigangi, naye akacheka pamoja nao, na Mukami akazoea kupokea wageni wake mbele ya matofali matupu, kwa miaka.

Tarehe 9 Agosti 2022, akiwa ametoka kupiga kura, marehemu alianguka hapo barazani kwa kiharusi, akalazwa hospitali kwa majuma kadhaa, akarudi nyumbani na mkono wa kulia ambao ulikuwa wake kwa jina tu. Mafundi walimtembelea, kisha wakamtembelea kwa nadra, na tusilaumiane, saiti hazimsubiri mtu. Aliketi akiutazama ukuta ule hadi siku moja akamwomba Mukami amletee mwiko, akaushika kwa mkono wa kushoto.

Tuseme ukweli, plasta ile ilikuwa mbaya. Mukami alimwagilia matofali, akachanganya mchanga na simiti ndani ya karai, akamsogezea kiti cha plastiki, naye akapaka mpaka pale mkono ulipofika akiwa ameketi, nusu ikiangukia mapajani, kisha akamwambia, "Mama Kui, shika tochi," na mwanga ulipotambaa ukuta ulionekana kama shuka aliyoamkia mgonjwa. "Bado," alisema, akakwangua yote kabla haijakauka. Ilikuwa hivyo zaidi ya mwaka mzima, apake na akwangue, akiacha tu vipande alivyoweza kuvivumilia, na Mukami, ambaye mgongo wake pia si wa kukopesha, alibeba maji na kufagia makombo bila kumwambia apumzike, kwa kuwa aliona kwamba mumewe hakuwa amebakiwa na neno lingine la kumwambia mtu.

Mwezi wa Septemba mwaka huu wa 2025, karibu na dirisha, palipatikana mahali padogo, ukubwa wa sinia ya chai, ambapo mwanga ulipita bila kivuli hata kimoja. Marehemu aliuchukua mkono wa mkewe, akauweka pale, akasema, "Hapo." Hakupaka tena. Tarehe 7 Oktoba, siku ya Jumanne, kiharusi cha pili kilimchukua asubuhi kabla gari la kumpeleka hospitali halijafika langoni.

Kamati ilikutana sebuleni jioni ile ile, na Mzee Wachira, kwa mapenzi, hilo tunalikubali, alisema, "Mama Kui, watu wanakuja kumzika fundi wa plasta, hatuwezi kuwakalisha mbele ya aibu hii." Mukami alijibu, "Huo ukuta msiuguse." Walimwitikia kama mtu anavyomwitikia mjane, wakamwongezea chai, na siku alipokwenda mochari na suti ya mumewe waliwaita vijana wawili, wakabomoa plasta yote hadi kwenye matofali, wakapiga mpya bila kuyamwagia hata kikombe cha maji, na wakapaka rangi kabla ya plasta kukauka. Mukami aliporudi alikuta ukuta mweupe na kijana akiosha mikono, ambaye alimwambia kwa fahari, "Mathe, ile ya zamani ilikuwa na mawimbi, tumetoa yote, saa hii iko fiti." Aliweka kiganja chake karibu na dirisha, kikatoka na rangi, na kwa kiganja hicho akawasalimia wageni waliokuwa wamefika. Nyufa mlizoziona leo zilianza juzi.

Kamati ilitaka isomwe hapa kwamba marehemu ameacha nyumba iliyokamilika. Hakuiacha. Aliacha mahali pa ukubwa wa sinia, na hapo napo hapapo tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mwaka 2022 na kutueleza ukweli bila kuuzungusha, majirani mliopika na kulala nasi, mafundi mlioacha kazi leo, na kanisa. Tunaishukuru kamati, ambayo haikukusudia ubaya, na hilo ndilo linalotukosesha hata mtu wa kumkasirikia. Mwisho tunawashukuru vijana waliojaza lile dimbwi la langoni ili mfike na viatu vikavu, maana walilijaza kwa vifusi vilivyotoka sebuleni, na Mukami alipouliza plasta ya mumewe ilitupwa wapi alionyeshwa pale. Mlipita juu yake mkiingia. Tutapita juu yake tena sasa hivi tukimbeba, kwa kuwa plot hii ina lango moja.

Wanyoike, weka mwiko chini. Pumzika kwa amani, kama utaipata huko, ile tuliyoshindwa kukupa hapa.