Plagi Nne za Gari la Mangapwani

Bismillahi. Sogeeni, wanangu. Mcha, kaa hapa mbele nikuone uso, na wewe Kidawa acha kunipepea, upepo wenyewe hauniingii, kaa karibu na kaka yako mnisikilize nyote wawili, maana nikishanyamaza leo sijui kama nitaweza kusema tena.

Mali si maneno mengi. Nyumba hii ya Malindi igaweni kama sheria inavyotaka. Gari la abiria abaki nalo Mcha, Kidawa nshamuomba na ameridhia kwa moyo mweupe. Mikarafuu ya Chuini, ambayo haifiki thuluthi ya nilicho nacho, nimemuusia Silima wa Mangapwani. Naona mnatazamana. Ndiyo, Silima huyo huyo anayeniletea samaki kila wiki, asiye na udugu nasi, na msinikatize, kwa sababu hilo ndilo nililowaitia.

Mcha, tangu nikuachie gari nakusumbua juu ya plagi, badilisha plagi, kila mwaka badilisha, mpaka ukamwambia dada yako kwamba baba uzee umempanda kichwani. Nilikusikia. Sasa sikiliza sababu yake. Plagi ina ncha mbili zilizoachana kwa unene wa ukucha, na cheche huruka baina yake kuwasha petroli, mara elfu kwa dakika moja, na kila ikiruka humega chuma kidogo, kidogo usichoweza kukiona, mpaka zile ncha zilizokuwa na pembe kali zikawa duara, mwanya ukapanuka, na cheche ikakosa nguvu ya kuuvuka. Masizi na mafuta nayo yakajishika kwenye ile kauri nyeupe, na kauri ikaingia ufa. Ukiisugua kwa msasa itang'aa, ukiigonga taratibu mwanya utarudi, lakini chuma kilicholiwa hakirudi. Asubuhi ya jua gari litawaka, nawe utavimba kichwa. Siku ya mvua, mzigo na kilima, hapo ndipo litakapokukana.

Mimi nilivimba kichwa. Pale barazani kwa madereva nilikuwa nikimcheka Mkadam, dereva mwenzangu, kila akinunua plagi mpya, nikimwambia mbele za watu kwamba yeye anabadilisha vyuma kwa kuwa hajui kazi, mimi plagi zangu zina mwaka wa nne na gari linakwenda Mangapwani na kurudi kila siku. Watu walikuwa wakifungua boneti kuja kuzitazama, na mimi nimesimama pembeni nacheka. Kumbe nilikuwa nshazinunua nyingine, nne, ndani ya boksi lake, zimo sandukuni chini ya kanzu zangu, na sikuzitia. Nilijua zile za zamani zimekwisha, gari lilikuwa likikohoa kila kukicha. Sikuzitia kwa sababu niliona haya, Mkadam asije akaniona.

Mwaka wa hamsini na tatu, Ijumaa moja ya masika, gari nimelisimamisha Mangapwani, Silima alikuja kuniita baada ya sala. Mkewe, Mwanakheir, alikuwa na uchungu tangu alfajiri na mkunga ameshindwa, kasema apelekwe hospitali ya mjini. Tukampakia. Tulipofika karibu na Chuini mvua ikatufunga, gari likakohoa mara tatu likazima. Nikapiga hendeli ya kuwashia mpaka kiganja kikachanika. Nikazitoa plagi nikazifuta kwa shati langu, nikazirudisha, likaguna, likazima. Abiria wakashuka wakalisukuma kwenye matope. Mwanakheir alikuwa akiniita kwa jina. Si mumewe, mimi, akiniuliza, "Bado?" Nikamjibu linawaka sasa hivi, bibi, linawaka. Akafa humo humo na mtoto wake tumboni.

Kesho yake, gari likishakokotwa mpaka nyumbani, nilifunga mlango wa banda nikazitia zile mpya. Gari liliwaka mara moja, Mcha. Mara moja. Nikakaa chini kwenye gurudumu nikalia, na nilipotoka nje watu wakadhani nalia kwa huruma, wakanishika mkono wakanisifu kwa vile nilivyohangaika.

Na mngedhani dhambi imeishia hapo. Silima alijilaumu yeye. Kwa miaka mitano anasema angekuja kuniita kabla ya sala mkewe angekuwa hai, na wapo wanaomlaumu hivyo hivyo. Hajaoa tena. Ijumaa anasali safu ya mwisho, karibu na viatu, kama mtu aliyekosa. Na mimi nikamwacha. Nikamwambia ni kadari ya Mungu, nikala samaki wake. Juzi alikuja, akakaa hapo ulipokaa Kidawa, akanisugua miguu kwa mafuta ya nazi, na mimi nimefungua mdomo nimwambie, nikaomba maji. Maji! Nnamuogopa Mungu, wanangu, lakini juzi nilimuogopa Silima zaidi.

Basi nakuusia hivi. Siku ya kunizika, kabla ya kunisalia, utasimama wewe Mcha mbele ya jeneza useme kama wanavyosema wote, mwenye haki kwa marehemu na aje kwetu. Usiishie hapo. Taja. Sema baba yangu alijua plagi zimekufa, alikuwa na mpya sandukuni, na Silima hana kosa. Lisikiwe na waliomlaumu na walionisifu.

Usitikise kichwa. Najua unalofikiri, nani atapanda tena gari letu. Pengine hatapanda mtu. Uza, fanya kazi ya bandarini, utakula. Mimi huko ninakokwenda sina hata hendeli ya kupiga. Nakuomba, Mcha. Baba yako anakuomba, na tangu uzaliwe sijakuomba kitu.

Unautazama mlango.

Haya. Radhi zangu nimekupeni, Kidawa nawe Mcha, radhi kamili, Mungu awape watoto wenye huruma na riziki isiyo na majuto. Wewe Mcha nimekupa kabla hujaitika, usije ukalisema lile kwa ajili ya kuitafuta. Nioshwe na Abdulla, jirani yetu. Kaburi... popote. Msinijengee.

Kifua hiki... Kidawa, niinue kidogo. Nani amefungua mlango? Mcha? Anakwenda wapi...

Mangapwani? Amekwambia yeye? Kwa Silima?

Alhamdulillahi. Mkimbilie. Mwambie... asimlete kwanza. Amwambie huko huko, kwake, yote, na lile boksi. Halafu... akishajua... kama hataki kuja kuniona, asimlazimishe.