Dympna McGurk na Mazishi Aliyoyakosa

Jumanne tarehe 8 Januari 2019 ilikuwa asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida. Uji wa shayiri ulikuwa mezani, redio inasoma matangazo ya vifo. Mke wangu Dympna ameshika kalamu, anaandika saa za mazishi.

"Toa hilo birika motoni, Malachy. Sijasikia ni nani."

"Mimi bado nipo."

"Wewe sihitaji redio initangazie."

Alasiri hiyo daktari alituambia kwamba Dympna ana saratani ya kongosho.

Dympna alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 hapa Tullynagarn, Fermanagh, mtoto wa tatu wa Treanor fundi viatu. Alisoma kwa masista hadi miaka kumi na saba. Barua zote za nyumba yetu aliziandika yeye.

Alianza kazi ya ukarani kwenye kiwanda cha maziwa. Dereva wa lori la maziwa alikuwa Mervyn Armstrong, jirani yetu, Mprotestanti; sisi ni Wakatoliki. Tulipooana tarehe 3 Juni 1967, Mervyn ndiye aliyeileta keki, imebanwa katikati ya mikebe. "Imetikisika njiani, bibi harusi," alisema. "Krimu ikigeuka siagi, usinilaumu."

Mwaka 1985 Dympna alichaguliwa diwani. Diwani huku huangalia mitaro na huenda mazishini. Alihudhuria yote, ya Wakatoliki na ya Waprotestanti. Alikosa moja.

Tarehe 4 Oktoba 1986, watu wenye bunduki wa upande wetu, waliojiita watetezi wetu, walimuua Mervyn getini kwake, kwa kuwa alikuwa pia askari wa akiba wa serikali waliyokuwa wakiipiga vita. Wenzake wa chama wakamwambia Dympna, "Ukiingia kanisa lile la Waprotestanti kumzika, mama, usirudi kwetu." Siku ya maziko alivaa koti jeusi, akafika mlangoni, akalivua. Jeneza lilipita mbele ya nyumba yetu, naye amesimama nyuma ya kioo cha dirisha. Hazel, mjane wa Mervyn, akainua macho akamwona.

Mwaka 1998 Dympna aliingia Bunge la Ireland ya Kaskazini. Mei 2001 alisimama bungeni. "Mheshimiwa Spika, jirani yangu alizikwa nami niko nyumbani. Sikuwa mgonjwa. Niliogopa kupoteza kiti."

Mmoja wa upande wetu akapiga kelele, "Kaa chini, msaliti!"

"Nimekaa karibu miaka kumi na mitano, mheshimiwa. Inatosha."

Novemba 2003 watu wetu walimnyima kura. Kiti kikaenda.

Ugonjwa ulimmaliza upesi. Mwezi Februari mwaka huu Hazel alikuja. Hakuwa ameingia kwetu tangu mwaka aliouawa Mervyn.

"Sikuja kukusamehe, Dympna."

"Najua. Kaa, chai inapoa."

Walikaa saa nzima, wakazungumza habari za ng'ombe. Nilipomwomba Hazel ruhusa ya kuandika haya, alisema, "Andika. Lakini usinipambe." Sijampamba.

Dympna alifariki nyumbani Alhamisi tarehe 21 Machi 2019, saa kumi na moja alfajiri. Ameniacha mimi, wanetu Fintan na Assumpta, wajukuu watano, na dada yake Philomena. Mungu ampe usingizi usio na maumivu.

Kuhusu safari ya leo ya kwenda makaburini aliacha agizo moja. Naliandika kama alivyolisema:

"Mnipitishe kwa Hazel. Msisimame. Na asipotoka, mtu yeyote asiangalie dirishani kwake."