Shangazi wa Akaunti na Kifurushi cha Ukoo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, tarehe ya mwisho ya mwezi huu mkuu wa kitengo cha akaunti za wateja anastaafu. Kwenye barua yake ya ajira ana jina refu lenye heshima zake zote, lakini tukilitamka humu ndani watu watauliza huyo mgeni ni nani. Sisi tunamjua kama Shangazi. Mkurugenzi anamwita Shangazi, walinzi wa getini wanamwita Shangazi, na hata yule mkaguzi wa hesabu aliyetoka nje, mtu mkavu asiyejua kucheka, alionekana siku ya pili akifunga faili zake na kujieleza kwamba Shangazi amemwambia akale kwanza.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi kwa sababu meza yangu inatazamana na yake, na kwa sababu wenzangu wote walipata udhuru wa ghafla. Shangazi ameshanionya kwamba nikimwaga sifa tupu atasimama ukumbini mbele ya wageni na kuzikana zote. Anataka na lile kosa kubwa liandikwe. Haya, litaandikwa.

Alipoajiriwa, kampuni hii inayorusha filamu kwenye simu za watu ilikuwa duka la kukodisha kanda za video: mlango mmoja, kaunta moja, na rafu za mbao zilizopinda katikati kwa uzito. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kurudisha kanda mwanzo, maana wateja wetu walikuwa waungwana kwa kila jambo isipokuwa hilo. Pale kaunta aligundua kwamba anayekodi kanda mara nyingi siye anayeirudisha. Mwalimu amekodi, dada yake ndiye anayeileta, na katikati imeshapita kwa jirani, kwa wifi na kwa kinyozi wa pembeni. Mwenye duka alitaka watu hao wafokewe. Shangazi yeye aliwauliza kama filamu imewafurahisha na wangependa nini tena. Wengi walitoka mlangoni na kanda nyingine mkononi, tayari wamekuwa wateja.

Kanda zikafa, zikaja diski. Diski zikachubuka, ukaja mtandao. Shangazi alisomea biashara masomo ya jioni akiwa na mtoto mchanga, akafaulu vizuri, akapandishwa cheo, na siku kampuni ilipohamia mtandaoni yeye ndiye aliyekabidhiwa akaunti zote za wateja. Tulijiona tumefika. Kumbe ndiyo kwanza safari ilikuwa inaanza. Picha zilikwama. Bando liliisha kabla muuaji hajajulikana. Filamu tuliyoinunua kwa jasho ilikuwa inauzwa barabarani kwenye flashi kabla sisi wenyewe hatujaitangaza. Kampuni kubwa zikaingia sokoni na matangazo ukutani kila kona. Na wateja tuliowapata kwa mbinde walijiunga kwa ajili ya tamthilia moja, ikiisha wanatuaga.

Kuhusu picha kukwama, Shangazi aliwaomba mafundi mitambo washuke naye hadi maegesho ya chini ya jengo, mahali ambapo mtandao huja ukijisikia, wakatazame filamu ya mapenzi huko huko. Mwanamume wa kwenye filamu alikwama mdomo wazi wakati anataka kuposa, akabaki hivyo mpaka mafundi wakacheka wakaishiwa nguvu. Walirudi juu wakiwa na ari mpya, na baada ya wiki kadhaa walitengeneza toleo jepesi la kila filamu, linalopita hata penye mtandao wa kusuasua. Maegesho yale mpaka leo ndiyo maabara yetu. Filamu isiyopita kule chini haitoki.

Sasa lile kosa. Ulikuwa mwaka ambao uvumi wa kampuni kufungwa ulifika hadi kwa wauza karanga wa nje. Watazamaji walikuwa wengi na walipaji wachache, kwa sababu akaunti moja ilitazamwa nyumba hii, na ile, na nyingine ya mji wa mbali. Kikao kikaitwa. Mshauri wa biashara akaeleza jinsi wenzetu wa kwingine walivyofanya: akaunti ni ya watu wanaoishi nyumba moja, wengine wakatwe, watajinunulia zao. Tukaafiki wote, na Shangazi akiwemo. Yeye ndiye aliyeandika ujumbe wa kutokea kwenye simu ya kila aliyekatwa: “Mfumo umebaini kwamba wewe si mwanafamilia wa mwenye akaunti hii.” Ulikuwa ujumbe mfupi, mwepesi kueleweka. Ulizunguka meza nzima ukapigiwa makofi. Chumba kizima cha watu wenye mashangazi, wajomba na mabinamu wasiohesabika, na hakuna hata mmoja aliyefikiria nani ataupokea.

Waliupokea mama zetu. Waliupokea mabibi, na wajomba waliosomesha wapwa zao mpaka chuo kikuu, wakaambiwa na simu kwamba si wanafamilia. Mama mkwe wa mkurugenzi aliupokea katikati ya tamthilia, mbele ya wageni. Akaacha kupokea simu za mkwewe. Mkurugenzi wetu ilibidi aambatane na baba yake mdogo, suti imenyooshwa, wakakae kwenye ncha ya kochi ukweni na kueleza kwamba aliyesema vile ni kompyuta. Mama mkwe akauliza tangu lini kompyuta ikawa msemaji wa ukoo.

Wateja hawakujinunulia akaunti mpya kama tulivyoahidiwa. Waliokuwa wanalipa ndio waliofunga zao kwa hasira, maana nani ataendelea kulipia kitu kilichomtukania mama yake? Simu za huduma kwa wateja ziliwaka moto. Mimi binafsi nilitukanwa kwa upole na bibi mmoja mpaka nikamwomba radhi kwa mambo ambayo hata sikuyafanya.

Lakini pigo lililomfika Shangazi lilikuwa jingine. Ana dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliyeacha shule ili mdogo wake asome. Wanaishi miji tofauti. Kila jioni walitazama tamthilia moja kwa akaunti ya Shangazi, kila mtu kwake, kisha wanapigiana simu kuwasengenya waigizaji kana kwamba ni majirani. Dada naye alipata ule ujumbe. Simu ya jioni haikuja. Shangazi akapiga, ikaita bure. Dada alipokuja kupokea, hakugomba hata kidogo. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida, kama ni kweli yeye si wa kwao.

Siku hiyo nilimkuta Shangazi stoo, katikati ya makasha ya kanda za zamani, analia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia. Nilimletea chai, nikaiweka juu ya kasha, nikatoka.

Kesho yake aliingia kwa mkurugenzi na wazo moja: tuache kuwaamulia watu nani ni ndugu yao. Mwenye akaunti awataje watu wake mwenyewe, popote walipo, alipe kidogo zaidi, na kila mmoja apewe kona yake yenye jina lake. Mkurugenzi, ambaye ukweni kulikuwa bado hakujapoa, alimsikiliza. Mshauri alihofia kwamba watu wataandikisha mtaa mzima na kampuni itazama, na kusema kweli hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Ndipo Shangazi aliposema kwamba mpaka mwisho wa msimu ule wateja wakiwa hawajarudi, yeye ataondoka mwenyewe, hakuna haja ya kumwandalia sherehe. Alikuwa na mtoto chuoni na hakuwa na kazi nyingine ya kukimbilia. Sisi tulilijua hilo, na kila asubuhi tulipofungua taarifa ya wateja tuliifungua kwa kuombea.

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Kifurushi cha Ukoo. Mtaa mzima haukuandikishwa. Watu walitaja watu wao, na ugomvi uliokuja ulikuwa wa walioachwa. Idara ya huduma kwa wateja ikageuka baraza la usuluhishi: wifi anataka kujua amekosa nini, mwingine kamtaja mama mzazi akamsahau mama mkwe. Shangazi akaamuru nafasi ya mkwe iwe ya bure. Ni ya bure hadi leo, na mnaojua chanzo chake mnaombwa msicheke kwa sauti, mkurugenzi amekaa meza ya mbele.

Utamu wa kifurushi hiki ulikuja baadaye. Mpwa akipata kazi, anaruhusiwa kuhama na kona yake, na kila alichokuwa anatazama, akafungue ukoo wake mwenyewe. Wakahama wengi, na kila aliyehama akataja wake. Ni yale yale ya kanda: anayeirudisha ndiye mteja wa kesho. Waliotukimbia walirudi, wakaja na wengine, na uvumi wa kufungwa ukatafuta kampuni nyingine. Washindani wetu wakubwa nao sasa wana vifurushi vya aina hiyo. Wakiiga, Shangazi husema waacheni, na wao wana mama zao.

Ule ujumbe wa zamani aliufuta kwa mkono wake, akaandika mwingine: “Karibu. Wewe ni mwanafamilia wa akaunti hii.” Wa kwanza kabisa kuupata alikuwa dada yake. Jioni ile simu ikaita, na dada akaanza moja kwa moja kumsema bibi harusi wa kwenye tamthilia na mama yake asiye na haya, kana kwamba hakukuwahi kutokea kitu. Shangazi anasema hajawahi kusamehewa vizuri namna ile.

Msidhani kuishi naye ni asali tupu. Kikombe chake ukikigusa utajua kwa nini tunamwita Shangazi. Ukichelewa anakutazama, kisha anatazama saa, kisha anakuuliza kama kwenu hawajambo wote. Hataki kusimuliwa mwisho wa filamu, lakini yeye atakusimulia wa kwako bila kuombwa. Vijana wa idara ya matangazo amewafunza kazi, amewaombea posa, na mmoja amemkataza kununua pikipiki.

Na ana msimamo mkali na sheria, hasa alizoziandika mwenyewe. Mojawapo inasema mfanyakazi akiondoka, akaunti yake ya kazini inafungwa. Tuliwatuma wajumbe maalumu wakamwombe akubali ya kwake iachwe, kwa heshima. Akauliza kama tunaumwa. Jumatano ya juzi aliifunga mwenyewe, kabla hata ya kukabidhi ofisi.

Saa ya chakula cha mchana, televisheni ya bwalo letu ikazima katikati ya tamthilia. Kelele zilizopigwa humo mngedhani paa limeezuliwa. Mafundi wakakagua nyaya, wakakagua mtandao, hakuna ubovu. Mwishowe mmoja wao akagundua, na akatangaza kwa aibu: televisheni hiyo, tangu siku iliyotundikwa, ilikuwa inatumia akaunti ya Shangazi. Kampuni nzima ya filamu ilikuwa inatazama kwa hisani ya mtu mmoja, na hakuna aliyewahi kujiuliza.

Akaingia na sahani yake. Alikuwa ametoka kujinunulia Kifurushi cha Ukoo kama mteja yeyote, kwa kupiga simu na kusubiri, akisikiliza ule muziki wa kusubiri ambao ameulalamikia miaka yote. Akaketi, akatoa simu, akabonyeza. Televisheni ikawaka na kona zake zikajipanga: Dada Mkubwa, Mwanangu, Mkwe, Wapwa. Ya mwisho, mpya kabisa, iliandikwa Ofisini. Chini yake yakatokea maneno tunayowatumia watu kila siku na ambayo sisi hatukuwahi kutumiwa na mtu: “Karibu. Wewe ni mwanafamilia wa akaunti hii.”

Bwalo zima likaacha kula. Mkurugenzi alivua miwani akaanza kuifuta, na haikuwa na vumbi. Shangazi akatuuliza tunashangaa nini, chakula kinapoa.

Shangazi, ahsante kwa kanda ulizorudisha mwanzo, kwa maegesho ya chini, kwa chai na kwa makaripio. Ahsante kwa kukosea mbele yetu na kurekebisha mbele yetu. Tunakuombea afya njema, usingizi usio na kengele, na jioni ndefu na dada yako, maana tamthilia zenu hamjazimaliza. Sisi tupo, kona ya mwisho. Tukikuudhi piga simu utufokee unavyotaka, lakini tafadhali, usitukate.